Ujira wa Kumleta Rafiki

Katika mambo yote ambayo mtu hupewa na wenzake bila ya kuyalipia, sijui lililo kubwa kuliko kuaminiwa. Nyumba hujengwa kwa fedha, shamba hununuliwa kwa fedha, na hata elimu ina karo yake. Lakini imani aliyo nayo jirani juu ya jirani yake haiuzwi dukani. Hukua polepole, kwa maneno madogo yaliyothibitika na ahadi ndogo zilizotimizwa, hata siku moja watu wakasema, "Maadam amesema fulani, sisi tumekubali." Siku hiyo fulani huyo amekuwa tajiri, ingawa hana senti mfukoni.

Swali ninalotaka kulichunguza pamoja nawe, msomaji, ni hili: je, utajiri huo waweza kuuzwa? Akitokea mtu akaniambia, "Mlete rafiki yako kwangu nami nitakupa kitu," ninayo haki ya kukipokea kitu hicho? Swali ni la zamani, lakini limepata nguvu mpya katika zama zetu kwa sababu ya biashara ya sarafu za kidijitali, na nyinyi vijana mmo ndani yake zaidi ya sisi walimu wenu tunavyodhani. Mara kwa mara hunijia mwanafunzi baada ya kipindi. Simu hana mkononi, kwa kuwa kanuni za shule zinaikataza, lakini kikaratasi anacho, na juu yake pameandikwa herufi na tarakimu zisizosomeka kama neno. "Mwalimu," huniambia kwa adabu, "ukijiunga, tumia msimbo wangu."

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Sarafu ya kidijitali haina chuma wala karatasi. Ni hesabu iliyoandikwa katika daftari la kompyuta, ambalo nakala zake zimetawanyika katika mashine nyingi duniani, hivyo kwamba si rahisi kwa mtu mmoja kulifuta au kulighushi peke yake. Ile ya kwanza iliyopata sifa, Bitcoin, ilianza kazi mwezi wa Januari 2009, nayo ni kazi ya mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto. Tangu hapo zimezuka nyingine kwa maelfu, kwa sababu kuunda sarafu mpya si kazi ngumu kwa mjuzi wa kompyuta. Kazi ngumu ni kuwapata watu wa kuipokea. Sarafu isiyo na mpokeaji ni tarakimu tu, kama alama alizojiandikia mwanafunzi mwenyewe katika daftari lake la nyumbani.

Kwa hiyo mwenye kuanzisha sarafu huwatafuta watu kuliko anavyotafuta kitu kingine chochote. Akibandika tangazo barabarani, wapita njia hulisoma na kulisahau, kwa maana kila mtu anajua kwamba tangazo hulipiwa. Lakini neno la ndugu, la mwenzi wa bweni, la shangazi, la mwalimu, hilo halisahauliki upesi. Mwenye sarafu hana imani ya watu. Rafiki yao anayo. Basi huenda kwa rafiki akampangia ujira: kila utakayemleta, utapata sarafu kadhaa, kila atakachoweka, utapata fungu lako, na katika mipango mingine, kila atakayeletwa na uliyemleta, utapata fungu pia.

Hila hii haikuzaliwa pamoja na kompyuta. Mwaka 1920, katika mji wa Boston, Marekani, mtu mmoja aliyeitwa Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 katika siku 45, na mawakala waliomletea wateja aliwapa asilimia 10. Aliwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata, hata fedha za waliofuata zikapunguka na mambo yakafichuka. Lakini ili tusimwonee mtu, inafaa kusema pia kwamba njia hiyo hiyo imetumiwa na watu ambao bidhaa yao ilikuwa ya kweli. Kampuni ya PayPal ilipokuwa changa, karibu na mwaka 2000, ilimpa dola 10 kila aliyefungua akaunti, na dola 10 nyingine aliyemleta. Kampuni hiyo ipo hata leo, na waliojiunga nayo walipata walichoahidiwa, yaani njia ya kutumiana fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili methali yao haitoshi. Kipo kizuri ambacho hujitembeza mwanzoni kwa kuwa hakijulikani, na kipo kibaya ambacho hutulia kikangoja kutembezwa na watu wema.

Tena katika desturi zetu wenyewe mleta watu hakudharauliwa. Dalali wa nyumba na mashamba hula kwa kazi yake. Mshenga naye hupewa zawadi yake ndoa inapofungwa. Wakala wa M-Pesa, aliyeketi katika kibanda chake tangu asubuhi, hupata kamisheni yake kwa kazi anayotufanyia, na hakuna amwonaye mwizi. Kwa nini basi dalali ni mtu wa heshima na rafiki mwenye msimbo atiliwe shaka? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu nililolipata ni kwamba dalali anajulikana kuwa ni dalali. Akikuambia, "Nyumba hii ni nzuri, haina hata ufa," wewe husikia maneno yake pamoja na ujira wake, ukayapima kwa mizani moja. Utaondoa kidogo hapa, utaongeza kidogo pale, utakwenda kuukagua ukuta kwa macho yako. Rafiki akikuambia maneno hayo hayo huyapimi, kwa kuwa hukumwona akishika mizani. Yeye ni dalali aliyevaa kanzu ya ndugu, na thamani ya maneno yake yote imo katika kanzu.

Sheria za nchi nyingine zimeliona jambo hili. Mwaka 2021 mwanamke maarufu wa Marekani, Kim Kardashian, aliitangaza kwa mamilioni ya wafuasi wake sarafu iliyoitwa EthereumMax. Mwezi wa Oktoba 2022 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ilimshtaki kwamba hakuyaeleza malipo ya dola 250,000 aliyopewa kwa kazi hiyo. Alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili shauri limalizike, bila ya kukiri wala kukana kosa. Tazama, msomaji, kwamba hakuulizwa kama sarafu ile ni nzuri au mbaya. Aliulizwa kwa nini hakuwaambia watu kiasi alicholipwa.

Yako basi maoni ya kwamba tatizo lote linaponyeka kwa kusema. Mwambie rafiki yako, "Ukijiunga mimi nitapata shilingi 500," kisha mwache aamue. Ni maoni mazuri, nami nayaunga mkono kama mwanzo. Yana faida moja kubwa: humlazimisha msemaji kujisikia mwenyewe. Wako watu ambao hawawezi kulitamka sentensi hiyo fupi mbele ya mama zao, na kushindwa kwao kulitamka ni jibu tosha. Lakini siamini kwamba kusema kunamaliza kila kitu, na sababu yangu ni kwamba iko mipango ambayo bidhaa yake ni ule ujira wenyewe. Ukimweleza mwenzako juu ya ujira katika mpango wa namna hiyo hujamwonya. Umezidi kumvuta, kwa kuwa yeye naye ataambiwa alete wake.

Tuchukue mfano wa OneCoin. Ilianzishwa mwaka 2014, makao yake yakiwa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, na Bibi Ruja Ignatova, mwanamke mwenye shahada kubwa ya sheria, pamoja na mwenzake Karl Sebastian Greenwood. Waliuza vifurushi vya masomo, vya bei ya yuro 100 hivi hata zaidi ya yuro 100,000, na aliyenunua kifurushi alipewa haki ya kupata sarafu. Daftari la kweli la namna niliyoieleza halikuwapo. Bei ya sarafu iliwekwa na kampuni yenyewe, nayo ilipanda daima, kwa kuwa aliyeshika kalamu ndiye aliyetaka ipande. Mnunuzi hakuweza kuipeleka sokoni akaiuza kama auzavyo mahindi. Njia iliyo wazi ya kupata fedha halisi ilikuwa kuwaleta watu. Mwezi wa Juni 2016 Bibi Ignatova alisimama jukwaani mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi wa Wembley, London, wakampigia makofi. Mwezi wa Oktoba 2017 alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na tangu siku hiyo hajaonekana tena hadharani. Greenwood alikamatwa nchini Thailand mwaka 2018, na mwezi wa Septemba 2023 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 20. Waendesha mashtaka wa Marekani walihesabu waliopotelewa kuwa zaidi ya watu milioni 3, na fedha zilizokwenda kuwa zaidi ya dola bilioni 4.

Katika hao walikuwamo jirani zetu wa Uganda, watu wa mjini na wakulima wa vijijini. Bibi Ignatova hakuwajua. Hakufika vibarazani kwao, wala hakusema lugha yao, wala hakujua nani ameuza mbuzi na nani ameuza mavuno. Waliofika vibarazani walikuwa watu wa hapo hapo: shemeji, wenzi wa ibada, waliosoma pamoja. Ndiyo maana nasema kwamba mwizi yule wa mbali hakuwa na ufunguo hata mmoja wa nyumba zile. Alifunguliwa milango na watu wa ndani, na wengi wa waliofungua walidhani wanamkaribisha mgeni wa heri.

Hapa nawaomba wapenzi wa hisabati wanisaidie. Tuseme mpango unamtaka kila aliyeingia alete watu 5. Si wengi, utasema. Hata mimi nina marafiki 5. Safu ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Safu ya kumi ni watu 9,765,625. Safu ya kumi na moja ni watu 48,828,125, nayo peke yake inazidi watu wote wa Kenya waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019, ambao walikuwa 47,564,296, pamoja na watoto wachanga na vikongwe. Lakini hilo si neno ninalotaka mlikumbuke, kwa sababu mjanja atasema, "Mimi nitaingia mapema." Fanyeni hesabu ya pili. Simamisheni mpango huo katika safu yoyote mpendayo, ya tatu au ya tisa, kisha hesabuni ni wangapi wamo katika safu ya mwisho, yaani wasiomleta mtu bado. Mtaona kwamba kila mara ni kama watu wanne katika kila watano. Haidhuru mpango umesimama lini. Tangu mwezi wake wa kwanza mpango wa namna hiyo ni nyumba ambayo wengi wa waliomo hawajapata kitu, na anayealika leo anamwalika mwenzake kwenye safu hiyo ya mwisho, kwa maana hakuna nafasi nyingine iliyo wazi.

Nimeandika hayo kama mwalimu ubaoni, na huenda msomaji akadhani kwamba nilikuwa na akili hizo siku zote. Sikuwa nazo. Mwaka 2016, nilipokuwa katika mwaka wangu wa pili na wa mwisho wa chuo cha ualimu, mwenzangu wa bweni alinijia usiku akaniambia, "Ndugu yangu, mimi siwezi kula nikakuacha wewe na njaa." Akanionyesha sarafu moja, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa hapa, na tarakimu zilizokuwa zikiongezeka kila kukicha. Niliweka shilingi 3,000 katika fedha zangu za matumizi. Kweli, kila asubuhi tarakimu ziliongezeka. Nilipotaka kuzitoa niliambiwa kwamba sharti kwanza nimlete mtu, na kwamba nikimleta nitapata asilimia 10 ya atakachoweka, papo hapo.

Katika jiko la chuo alikuwako mama mmoja mpishi. Alikuwa akitupikia uji alfajiri na githeri jioni, na kwa kuwa mimi nilikuwa nikimsaidia mara kwa mara kuandika barua zake na kusoma zile alizoandikiwa, alinipenda. Mwanawe wa mwisho alikuwa darasa la nane. Alikuwa akiweka akiba katika chama ili amnunulie sanduku la chuma na sare za kidato cha kwanza. Nilimweleza mpango wote pale mlangoni pa jiko. Hakuelewa, nami nilijua kwamba hakuelewa. Alinisikiliza hata mwisho, akafuta mikono kwa leso, akasema, "Mambo ya kompyuta siyajui. Lakini ukisema wewe, mwanangu, mimi nimeamini." Kesho yake alinipa shilingi 5,000. Hakuwa na simu ya kisasa, hivyo jina lake niliandika mimi, katika simu yangu. Jioni ile ile niliingiziwa shilingi 500, na fungu langu hilo kwa kweli lililipwa. Nikanunua kuku na viazi, tukala na wenzangu bwenini.

Baada ya majuma machache mpango haukufunguka tena. Kwa siku nne niliingia katika bwalo la chakula nikiwa mtu wa mwisho, ili nisikutane na yule mama kwenye foleni. Siku ya tano alinitafuta mwenyewe. Alikwisha pata habari, kwa sababu chuo kizima kilikuwa kikizungumza. Nilijitayarisha kwa lawama. Yeye aliniuliza, "Na wewe, mwanangu, umepotelewa na kiasi gani?"

"Elfu tatu, mama."

"Pole sana," akasema. "Wewe ni mtoto wa shule, huna chochote. Mimi angalau nina mshahara."

Nilisimama mbele ya mama yule nikiwa na mia tano zake tumboni, na sikuzitaja. Mama huyu aliyepoteza 5,000 kwa neno langu alikuwa akinihurumia mimi kwa 3,000, ambazo kwa hesabu ya kweli zilikuwa 2,500 tu.

Watu wazima niliowasimulia kisa hiki hunipunguzia mzigo kwa njia mbili. Wengine husema, "Lakini hukujua, nawe ulidanganywa." Ni kweli kwamba sikujua. Lakini kila nikilitazama jambo hili naona kwamba kutojua kwangu ndiko kulikofanya kazi. Laiti ningalikuwa mwongo, mama yule, ambaye alilea watoto sita, angaliuona uongo machoni pangu. Alichokiona ni kijana aliyeamini. Mipango hii haihitaji waongo wengi. Waongo wawili au watatu wanatosha kileleni, na chini yao hutakiwa watu wanyofu wengi iwezekanavyo, kwa kuwa neno la mnyofu huingia mahali ambapo neno la mwongo hugota. Mtu mnyofu hawezi kusema, "Nilikuwa mnyofu," kana kwamba hiyo ni kinga, ilhali unyofu wake ndio uliokodiwa. Wajibu wake ni kuuliza kabla ya kusema. Mimi sikuuliza hata swali moja: fedha hizi za ongezeko zinatoka wapi, nani anauza nini, na kwa nini nilipwe mimi kwa kumleta mpishi? Sikuuliza, kwa sababu aliyelipwa ili aseme hana haraka ya kuuliza. Ujira ulikuwa umeniziba masikio kabla ya kunifungua mdomo.

Wengine hunambia, "Kila mtu mzima ana akili yake, yeye ndiye aliyetoa fedha." Hoja hii ina nguvu kwa dalali na mnunuzi wa nyumba. Kwa yule mama haina. Yeye alisema waziwazi kwamba katika jambo hili ataitumia akili yangu mahali pa yake. Watu hufanya hivyo kila siku na si upumbavu. Mgonjwa hutumia akili ya daktari, abiria hutumia akili ya rubani, na nyinyi nyote mmezijua habari za miji msiyoiona kwa kutumia akili yangu. Aliyekukopesha hukumu yake hukukabidhi ili uifanyie kazi kwa faida yake. Ukipokea ujira kwa mtu mwingine ili uielekeze upande fulani, umekuwa kama wakili anayelipwa na pande zote mbili za shauri, na upande mmoja haujui.

Sheria imewafikia baadhi ya wakubwa. Kiongozi wa watangazaji wa mpango wa BitConnect nchini Marekani, Glenn Arcaro, alikiri kosa mwaka 2021, akakubali kwamba alijipatia si chini ya dola milioni 24, na mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi 38. Kwetu, Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi juu ya sarafu hizi tangu Desemba 2015, na mwaka 2025 nchi ilipata sheria ya kuwapa leseni wafanyabiashara wa mali za namna hiyo. Nafurahi. Lakini kampuni yaweza kupewa leseni, na ulimi wa mtu ukabaki bila leseni. Hakuna askari atakayekuja kuniuliza habari za shilingi 500.

Najua kwamba wengi wenu mtasema vikaratasi vyenu ni kitu kingine, kwa sababu mpango wenu hauombi fedha. Mfano ulio mashuhuri ni Pi Network, iliyoanza Machi 2019. Mtu alijiunga kwa msimbo wa aliyemtangulia, akabonyeza simu yake kila siku, na kasi ya kupata sarafu ikaongezeka kwa kadiri ya watu aliowaleta. Kwa miaka karibu sita sarafu hizo hazikuweza kubadilishwa nje ya mtandao wake wenyewe, mpaka Februari 2025 mlango ulipofunguliwa. Sitaki kuulinganisha mpango huo na ule wa Sofia, kwa maana asiyetoa shilingi hapotelewi na shilingi. Hata hivyo ninyi mnaniomba kitu: jina langu, saa zangu, habari za simu yangu, na zaidi ya hayo yote kibali cha kuwaita wengine kwa jina langu. Vitu hivyo si bure kwa kuwa havina bei. Kijana akiniambia, "Mwalimu, nimeutumia mwaka mzima, faida yake ni hii na hasara yake ni hii, na ukija mimi nitaongezewa kasi," nitamsikiliza na huenda nikajiunga. Hadi leo hakuna aliyeniambia hivyo. Huniambia, "Ni bure, Mwalimu," kisha husimama akingoja.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo sijalimaliza. Nilipoajiriwa, miaka mitatu baada ya chuo, nilimtumia yule mama shilingi 5,000 kwa simu. Alinipigia mara moja, sauti ikimtetemeka, akaniombea dua na kusema kwamba katika wanafunzi wote aliowapikia hakuna aliyemkumbuka ila mimi. Alidhani ni zawadi. Nami, badala ya kumwambia kwamba ni deni, na kwamba ndani yake mna mia tano nilizolipwa kwa kichwa chake, nilisema, "Amina, mama." Kwa hiyo hata leo ananisifu kwa jirani zake, na nasikia kwamba aliwaambia vijana wa kijijini waje kwangu wakitaka shauri juu ya fedha.

Rafiki zangu wamegawanyika. Mmoja asema deni limelipwa, na kumwambia sasa ni kumtia uchungu bure ili mimi nipate nafuu. Sikubaliani naye. Sifa ninazopewa kijijini kwake zimejengwa juu ya lile nililolificha, na watu wanatumwa kwangu kwa nguvu ya sifa hizo, kama yeye alivyokuja kwa nguvu ya barua nilizomwandikia. Sifa zile si zangu, nami nimezila kwa muda mrefu kuliko nilivyowala kuku wale. Kijiji chake si mbali na barabara kuu. Likizo ya Agosti ikifika nitakwenda.